Taa ya Mzee Flashi

Mzee Flashi hakuitwa hivyo kwa sababu ya wepesi. Wepesi hakuujua kabisa. Ukimtuma chumvi asubuhi, ujue mboga ya mchana utaila bila chumvi. Jina lilitoka kazini. Kwa miaka arobaini alikuwa na studio ya picha, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na hapakuwa na harusi, mahafali wala picha ya kitambulisho mtaani ambayo taa yake haikuimulika. Watu walifumba macho, akasema "tena," wakafumba tena, akasema "tena," mpaka wakazoea. Halafu simu zikaota kamera, kila mwenye kidole akawa mpiga picha, na ile studio ikageuka saluni ya kucha. Mzee akafungia vifaa vyake kwenye sanduku la bati, akahamia kwa binti yake.

Binti alikuwa daktari wa meno. Kliniki yake ilikuwa na vyumba viwili, ghorofani, juu ya duka la rangi na misumari. Chumba cha ndani kilikuwa na kile kiti kinacholala. Cha nje kilikuwa cha kungojea, na hicho ndicho kilichomsumbua. Wanaume wazima, wenye ndevu zao, walikuwa wakikaa pale, wakisikia mlio wa mashine ndani wanakumbuka ghafla kwamba wameacha pasi inawaka nyumbani. Wakiondoka hawarudi, na jino bovu wanaondoka nalo. Daktari akasoma mahali kwamba mtu akitazama samaki moyo hutulia. Akanunua tangi la kioo la urefu wa mita moja. Hakutaka maua ya plastiki. Alitaka mimea hai ya maji baridi, yenye mizizi yake na majani yake.

"Baba," alimwambia wakati wa chai, "mimi nayajua meno. Mwanga ni wako. Nimeambiwa mimea hii inaishi au inakufa kwa taa. Nichagulie taa."

"Mpokezi wako hawezi?"

"Mpokezi anaweza kupokea. Mimi nataka jicho."

Mzee alikunywa chai yake taratibu, asionekane amefurahi. Lakini alifurahi. Tangu studio ifungwe hakuna mtu aliyewahi kumwomba kitu zaidi ya kumwomba akae. Kaa baba, utachoka. Kaa mzee, tutabeba sisi. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alilala akiwa na jambo la kuamkia.

Tatizo ni kwamba jicho aliloombwa hakuwa nalo. Lilikuwa limeondoka kidogo kidogo, kwa miaka miwili, na hakumwambia mtu. Kwanza ukungu wa asubuhi ulianza kukaa mpaka mchana. Kisha taa za barabarani zikaota pete. Kisha herufi za gazeti zikaanza kutembea kama siafu. Alijua ni mtoto wa jicho. Mama yake mzazi alikuwa na ugonjwa huo huo, na yeye mwenyewe alimshika mkono kumpeleka msalani mpaka mwisho wake. Basi akajifunza ujanja. Alimimina chai huku kidole kikiwa ukingoni mwa kikombe. Alipopewa karatasi alisema, "Nisomee, miwani nimeisahau," na miwani imo mfukoni. Ngazi za kliniki alizihesabu siku ya kwanza, kumi na moja, na tangu hapo alizipanda kifua mbele kama mwenye nyumba. Kisu cha daktari wa macho hakikumtisha. Kilichomtisha ni kwamba akitamka tu kwamba haoni, ile "kaa baba" itakuwa ndiyo maisha yake yote yaliyobaki.

Duka la vifaa vya tangi lilikuwa mtaa wa pili, jembamba kama korido, matangi yamepandana kila upande na pampu zinakoroma. Mwenye duka aliitwa Mama Samaki. Mikono yake ilikuwa mibichi mpaka kwenye viwiko, na maneno yake hayakuwa na foleni.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye baba wa daktari, aliniambia utakuja. Sasa usinitajie taa kwanza, nitajie mimea. Watu wanaingia hapa, nataka taa nzuri, nataka taa nzuri. Nzuri kwa nani? Wewe mwanga unautazama tu. Mmea unaula. Mtoto mchanga ukimpakulia sahani ya mtu aliyetoka kulima, umempenda au umemuua?"

Mzee akamtajia kama alivyoelezwa na bintiye: ile ya majani mapana ya kijani kizito inayofungwa kwenye gogo, ile ya majani marefu kama utepe inayokaa nyuma, na ile mifupi ya mbele.

"Basi wote hao ni wavivu," alisema Mama Samaki. "Kwao ni kingo za mito, chini ya miti. Hawana haraka na dunia. Angekuwemo yule mwekundu ningekwambia mengine, mwekundu anataka taa kali. Hawa wako taa ya wastani inawatosha, tena saa saba au nane kwa siku, basi. Ukizidisha, atakayekula si mmea."

"Atakula nani?"

"Mwani. Ukoga. Ule hauna adabu, unakula cha mwenzake."

Hapo mzee naye akaona amwonyeshe kwamba hakuja mikono mitupu. Akamweleza kuwa mwanga una joto na ubaridi wake: wa mshumaa ni wa moto, unaelekea wekundu, wa saa sita mchana ni mweupe, na wa kivulini siku ya anga safi una ubuluu, ndiyo maana bibi harusi aliyepigwa picha kivulini hutoka kama mtu anayeumwa. Mama Samaki aliacha kufuta mikono.

"Miaka kumi nauza taa," alisema, "leo ndiyo naelewa zile namba za kwenye boksi zinasema nini. Haya, maboksi haya matatu. Kila moja lina namba yake. Chagua."

Mzee akalishika boksi la kwanza. Siafu wakatembea. Akalisogeza karibu, akalisogeza mbali, akaligeuza kana kwamba anakagua mshono.

"Namba ni za watu wasio na macho," alisema. "Niwashie."

Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakusema kwamba hujitukana pia. Mama Samaki akaziwasha taa zote tatu, moja baada ya nyingine, juu ya tangi tupu. Ya kwanza mzee aliiona kama kibatari. Ya pili ilikuwa jioni jioni. Ya tatu ilipowaka, kitu kikamtulia kifuani. Ulikuwa mwanga mweupe, safi, kama ule wa mlangoni pa studio zamani, saa sita, akitoka nje kupunga hewa.

"Hii."

"Hiyo?" Mama Samaki alisita. "Hiyo mzee naagiza kwa ajili ya watu wa maji chumvi, wale wanaofuga matumbawe. Ni kali. Tena ina buluu."

"Buluu iko wapi?"

"Mzee wangu..."

"Mwanangu, nimefanya kazi na mwanga miaka arobaini. Hiyo ni saa sita ya mchana, na anga ni safi."

Mama Samaki akaitazama taa, akamtazama yeye. Mtu aliyemfundisha namba za boksi dakika tano zilizopita, atamwambiaje kwamba haoni buluu? "Haya baba," alisema, "wewe ndiye fundi." Akamfungia. Lakini lile boksi la pili hakulirudisha rafuni. Alichukua kalamu nene, akaliandika kitu, akalisukuma chini ya meza. Mzee hakuliona hilo, na hata angegeuka asingeliona.

Taa ilipowashwa kliniki, chumba kizima kilinyamaza. Mzee akadhani ni heshima.

"Ina mwanga," alisema mpokezi. Mpokezi huyu alikuwa mwanamke ambaye kwa siku za kawaida mdomo wake haukuwa na breki.

"Ndiyo kazi ya taa," alijibu mzee.

"Asante, baba," alisema daktari, akaingia ndani kwa mgonjwa wake bila kuongeza neno.

Ukweli ni kwamba chumba kilikuwa kama ndani ya friji. Waliokaa kwenye viti vya karibu walipauka midomo na kucha, na mgonjwa mmoja alimwinamia mpokezi akamwuliza kama kliniki hii ni ya meno tu au kuna na chumba cha maiti. Lakini nani amwambie? Mpokezi alipigwa picha ya harusi na mzee huyu. Fundi aliyekuja kutengeneza bomba alikuwa na picha iliyopigwa na mzee huyu kwenye leseni yake ya udereva. Kila mtu alimwachia mwenzake jukumu la kusema, na huyo mwenzake hakufika.

Mzee yeye alikuwa na furaha zake. Kila asubuhi alizipanda ngazi kumi na moja, akawalisha samaki, akajaza maji yaliyopungua. Kitu kimoja tu kilimkera: tangi lilionekana kama limefifia. Akaishusha taa karibu na maji. Bado. Akairefushia muda, kutoka saa nane kwa siku mpaka kumi, kutoka kumi mpaka kumi na mbili. Wiki ya tatu alipopitisha kidole ndani ya kioo akakuta utelezi. Akashika jani la mmea wa kwenye gogo, ambalo lilipaswa kuwa laini kama ngozi ya kiatu kipya, likawa na manyoya kama ndevu za mbuzi. Vidole vyake havikuwa na mtoto wa jicho, na vilimwambia kweli: ukoga. Bintiye anautoa ukoga kwenye meno ya watu chumba cha ndani, na baba yake anaufuga chumba cha nje.

Alilifikiria jambo hilo siku nzima, na jibu alilolipata likawa lile lile la kila siku. Mimea inaumwa kwa sababu ya giza. Akaongeza saa mbili nyingine.

Siku chache baadaye daktari alitoka ndani akivua glavu, akasimama kando ya baba yake mbele ya tangi.

"Baba, tangi hili naona linavuja. Ijumaa nitamwita mtu aje aliondoe. Si kosa la mtu, kioo tu."

Bintiye aliporudi ndani, mzee alipiga magoti polepole, akapitisha kiganja chini ya meza ya tangi, pande zote nne, mpaka kwenye kona za ukuta. Pakavu kama unga. Akabaki ameshika sakafu. Mtoto huyu aliwahi kuvunja lenzi ya studio akiwa na miaka saba, akaja kusema mwenyewe, machozi yanamtoka, kabla hajaulizwa. Hakuwa mwongo. Mtu asiye mwongo akidanganya, kuna mtu anayemsitiri.

"Mama," alimwita mpokezi, "tangi hili lina nini?"

"Tangi? Tangi mzee ni zuri. Mbona zuri." Na simu haikuwa imelia, lakini mpokezi akainyanyua.

Hapo mzee akatambua kwamba amezungukwa na watu wenye adabu. Akaenda nyumbani papo hapo, akafungua sanduku la bati, akapapasa mpaka akakipata: kipima mwanga chake cha zamani, kidude cha ukubwa wa kiberiti kikubwa, chenye kioo cha mikunjomikunjo upande mmoja na mshale upande wa pili. Hakitumii betri. Kinaula mwanga wenyewe, kama mmea, na mshale unasogea kadiri kilivyoshiba. Zaidi ya yote, kipima mwanga hakijui shikamoo.

Alirudi kliniki akakiweka juu ya maji, chini ya taa. Akatoa mfukoni kikuzaji alichokuwa akikagulia negativu, akakibana kwenye jicho lililokuwa afadhali, akainamia mshale mpaka pua ikagusa kioo. Mshale ulikuwa umekimbia mpaka karibu na mwisho wa namba.

"Kimeharibika," alisema kwa sauti.

Kuna mtu angeishia hapo. Mzee Flashi alikuwa na kiburi, lakini alikuwa fundi kwanza, na fundi hakihukumu kifaa kabla ya kukijaribu. Akashuka ngazi kumi na moja, akasimama nje, mbele ya duka la misumari, jua likiwa kali. Akapima. Mshale ukasimama karibu na mwisho, pale pale uliposimama miaka arobaini kila alipotoka mlangoni saa sita. Akavuka, akasimama chini ya mti wa kando ya barabara, pale ambapo angewaweka watoto wa shule akitaka wasikunje nyuso. Mshale ukarudi katikati, pale pale pa siku zote. Kifaa kilikuwa kizima. Akapanda tena. Juu ya maji mshale ukakimbia tena mpaka pale pa juani.

Basi mimea ya chini ya miti ilikuwa imewekewa jua la saa sita juani, saa kumi na nne kwa siku, na yeye bado aliliona giza.

Akakaa kwenye kiti cha kungojea. Alikumbuka kamera moja aliyoletewa zamani na kijana mpiga picha za mitaani. Picha zote zimefifia, zina umanjano. Kijana alikuwa ameongeza taa, akaongeza tena, akabadilisha filamu, akabadilisha duka la kusafishia. Mzee aliifungua kamera, akaielekeza dirishani, akamwonyesha: lenzi imeota ukungu. Alimwambia maneno ambayo sasa yalimrudia moja moja. Lenzi ikiota ukungu huongezi taa, bwana mdogo. Unaitoa lenzi.

Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Alihuzunika, ndiyo, lakini zaidi ya huzuni aliona haya, na zaidi ya haya alihisi kama mtu aliyetua mzigo.

Saa ya chakula cha mchana, wagonjwa walipokwisha, aliingia chumba cha ndani bila kubisha hodi na kulala kwenye kiti cha wagonjwa, viatu na vyote. Daktari alishtuka.

"Jino, baba?"

"Tangi halivuji."

Binti akakaa kwenye kile kistuli chake cha magurudumu. "Halivuji," alikubali.

"Ni mimi. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka wa pili huu."

"Najua."

Mzee aliinuka kwa kiwiko. "Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kumimina chai kwa kidole."

"Ukajua sina jicho, ukanipa kazi ya jicho?"

"Nilidhani ukifika dukani utashindwa kuchagua, basi utakuja uniambie mwenyewe. Nilikutegea, baba, nisamehe. Ila hukushindwa. Ukachagua." Sauti yake ilikuwa kati ya kicheko na kilio, na kilio kikashinda. "Halafu nikaona unaamka mapema. Unavaa shati la kupigwa pasi. Nikaogopa nikisema utarudi kukaa kwenye kile kiti cha sebuleni na hutainuka tena."

"Hicho ndicho nilichokiogopa na mimi," alisema mzee. "Kwamba nikisema, mtanikalisha."

"Baba, tangu lini mimi nimeweza kukukalisha?"

Wakacheka wote wawili. Mpokezi, aliyekuwa amebandika sikio mlangoni muda wote, akaingia akiwa na vikombe vitatu vya chai na kukiri kwamba kwa karibu wiki nne amekuwa akijisikia kama anafanya kazi baharini. Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Mzee Flashi alikuwa na bahati. Yeye aliumbuliwa na ukoga.

Daktari wa macho alimweleza watakavyofanya: lenzi ya jicho iliyopata ukungu inatolewa, inawekwa mpya, jicho moja kwanza, la pili baada ya wiki kadhaa. "Kumbe ni kubadilisha lenzi tu," alisema mzee, karibu amkosoe jinsi ya kuishika. Haikuchukua hata muda wa kupiga picha za harusi moja. Kesho yake asubuhi muuguzi alipobandua bandeji, kitu cha kwanza mzee alichokiona ni vazi la huyo muuguzi, na kitu cha kwanza alichosema ni, "Buluu." Akalirudia. Alikuwa ameisahau kabisa rangi hiyo. Akajitazama na shati lake jeupe la siku zote, la kupigwa pasi, akakuta lina rangi ya chai ya rangi kola nzima.

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Tulianza na tangi," alisema binti.

Hakukubali kupelekwa nyumbani. Alikuwa ameomba tangi na taa yake visiguswe mpaka avione mwenyewe. Alizipanda ngazi za kliniki akiziona, na alipofika mbele ya tangi akaziba jicho jipya akatumia la zamani: mchana mweupe, anga safi. Akaziba la zamani akatumia jipya. Lo. Tangi lilikuwa limesimama pale kama chumba cha barafu, samaki wamepauka, na mimea maskini imevaa manyoya ya kijani kuanzia shinani. Akaziba hili, akafungua lile. Akafanya hivyo mara nyingi, huku akicheka mpaka akashika ukuta, na mgonjwa aliyekuwa anangoja kung'olewa jino akacheka naye bila kujua anacheka nini.

Kisha akaenda mtaa wa pili.

"Shikamoo baba wa daktari," alisema Mama Samaki. Alipoona anavyotazama huku na huko, samaki kwa samaki, rafu kwa rafu, hakuuliza kitu. Aliinama, akavuta boksi kutoka chini ya meza, akalipangusa vumbi, akaliweka mbele yake.

Mzee akalishika. Herufi zilitulia, kila moja mahali pake. Kwa kalamu nene palikuwa pameandikwa: LA BABA WA DAKTARI, ATARUDI. Akayasoma kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akasoma na namba iliyochapwa ubavuni, tarakimu kwa tarakimu: elfu sita na mia tano.

"Ungeniambia tu siku ile," alisema.

"Nikwambie nini, mzee wangu? Ulikuwa umenifundisha."

Walianza upya kwa mpango. Majani yaliyoshikwa sana waliyakata. Tangi wakalifunika blanketi siku tatu, mwani ufe njaa; mpokezi akawaambia wagonjwa kwamba samaki wako likizo. Wakabadilisha maji nusu kwa nusu. Taa mpya mzee aliitundika juu zaidi, akaweka kipima mwanga chake usawa wa maji, akaipandisha na kuishusha mpaka mshale ukakaa katikati, pale pa chini ya mti. Akafunga na swichi ya saa inayojiwasha na kujizima: saa saba kwa siku, si dakika zaidi. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu jioni tangi lilipozimika lenyewe mkono ulimwasha. Lakini aliuweka mfukoni.

Wiki ya nne, kwenye mmea ule wa kwenye gogo, katikati ya majani yaliyobaki, lilitoka jani dogo lililojikunja, kijani kibichi, laini, bila unyoya hata mmoja. Mzee alimwita kila mtu. Daktari alitoka na koleo mkononi. Hata aliyekuwa kwenye kiti aliinuka na pamba mdomoni kuja kuangalia jani.

Ilikuwa wiki hiyo hiyo alipoingia bibi mmoja, peke yake, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, mkoba ameukumbatia. Aliingia kifua mbele. Alijibu salamu, akatafuta kiti kwa mkono kwanza kabla ya kukaa, na akageuza uso kwenye tangi. Taa ilikuwa inawaka, samaki wanang'aa, jani jipya limekunjuka lote.

"Ila na nyinyi," alisema bibi, "mbona viumbe wa watu mmewaweka gizani? Ongezeni taa."

Mpokezi akafungua mdomo. Mzee Flashi akamwinulia kidole, mdomo ukafungwa. Alihama kiti chake, akaja kukaa karibu na bibi.

"Bibi," alimwuliza kwa upole, "ngazi za hapa ni ngapi?"

"Kumi na moja," alisema bibi, bila kufikiri.

Aliugeuza uso upande wa sauti, mikono ikaubana mkoba.

"Hata mimi nilizihesabu," alisema mzee. "Jumatatu nakwenda kufanyiwa jicho la pili. Binti yangu anaendesha mwenyewe, na garini kuna nafasi."